Atakayeangusha Skonzi

Verlene Tackett alikuwa ameinama akitoa sinia la tatu la skonzi tanurini, shangazi yake alipomshika kiuno kwa nyuma na kumnong'oneza.

"Usitoke nje, mwanangu. Baki humu humu jikoni. Leo nitahudumu mwenyewe."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Shangazi, magoti yako hayafiki hata meza ya pili. Kuna nini huko?"

Bi Opaline alijipangusa mikono kwenye aproni mara mbili, mikono ambayo haikuwa na unga. Verlene aliweka sinia chini, akaenda kuchungulia kwenye dirisha la kupitishia sahani, na moyo ukampiga paa.

Garland Stallcup alikuwa ameketi meza ya katikati.

Jumapili kama hiyo, baada ya ibada, watu wa Pickett Bend huujaza mkahawa wa Bi Opaline mpaka wengine hungoja barazani na njaa zao. Lakini Verlene hakuona mwingine. Aliona ile shingo, ile namna ya kuegemea kiti kana kwamba kiti ni chake toka kwa babu. Alikuwa amenenepa kidogo. Uzuri ulikuwa bado upo, na hilo lilimuudhi zaidi. Mtu aliyekutendea ubaya angalau angekuwa na adabu ya kuchakaa. Kulia kwake aliketi mama yake, Bi Imogene Stallcup, mwenye kinu cha kuchambulia pamba na nusu ya mashamba ya upande huu wa mto. Kushoto kwake aliketi msichana mgeni mwenye gauni la rangi ya limau, anacheka, na kidoleni ana pete.

"Yule ndiye?" Verlene aliuliza.

"Anaitwa Corinne. Ametoka Little Rock. Wanaoana Jumamosi." Bi Opaline alipunguza sauti. "Mama yake Garland hakutaka kuja, nimewasikia mlangoni. Msichana ndiye kang'ang'ania. Kasikia habari zetu."

"Jumamosi."

"Verlene."

"Na mimi ilikuwa Jumamosi, shangazi."

Miaka tisa iliyopita kuku sitini wa harusi yake na Garland walikuwa wamekwisha kukaangwa. Gauni la marehemu mama yake lilikuwa limepunguzwa kiunoni na kufuliwa mara mbili. Ijumaa asubuhi Garland alipaswa kuja kunywa kahawa yake kama kawaida, hakuja. Jumamosi hakuja. Jumatatu ikajulikana kwamba yuko Little Rock, ameajiriwa na mjomba wake, na hakuna barua, hakuna salamu, hakuna hata mtu aliyetumwa na neno. Wale kuku waliliwa na waalikwa kimya kimya kama chakula cha msibani. Verlene ndiye aliyewapakulia.

Tangu siku hiyo alibaki na neno moja tu. Usiku alilala nalo, asubuhi alikanda nalo unga. Hakumwombea Garland mauti wala ufukara. Aliomba tu kwamba siku moja mwanaume yule aketi ndani ya nyumba hii, ainue mkono, na adondoshe.

Maana katika nyumba ya Bi Opaline skonzi hailetwi mezani kwa sahani. Ukiitaka, unainua mkono, na mhudumu anakurushia ya moto kutoka alipo, hata kama ni ukuta kwa ukuta. Ukidaka, kula kwa asali ya mtama na raha zako. Ukiangusha, unapanda kigoda chekundu kilicho kando ya mlango wa jikoni, nyumba nzima inanyamaza, na aliyekurushia anakuuliza swali moja. Unajibu kweli. Ukishajibu, anakuletea skonzi nyingine, safari hii anakupa mkono kwa mkono, ndipo unashuka. Kwa njia hiyo Pickett Bend imejua nani aliiba boga la maonyesho, na kwamba weusi wa nywele za mchungaji ni wa rangi ya chupa. Hakuna aliyewahi kudanganya juu ya kigoda kile. Mtu anaweza kudanganya mahakamani, lakini si pale, mbele ya watu walioshika uma.

Verlene alijifunga aproni upya, akabeba sinia.

"Mwanangu, kisasi ni cha Mungu," alisema Bi Opaline.

"Basi leo nitamsaidia kazi."

*

Alipotokeza, minong'ono ilipita meza hadi meza. Mzee Hoyt Ledbetter, ambaye hula pale kila siku tangu mkewe afe, na kabla mkewe hajafa pia, alisukuma mbali bakuli lake la bamia ili aone vizuri.

"Skonzi za moto!" Verlene aliita. "Nani ana mkono?"

Mikono ikainuliwa huku na huko. Alirusha moja kwa Mzee Hoyt, moja kwa wanakwaya wa meza ya dirishani. Kisha macho yake na ya Garland yakakutana.

Alikuwa amejiandaa kwa chuki. Hakuwa amejiandaa kwa namna mwanaume yule alivyobadilika rangi, wala kwa namna midomo yake ilivyotaja jina lake bila sauti. Kitu kikamtetemeka Verlene chini ya mbavu, kitu alichodhani amekizika zamani. Akakikanyaga.

"Na wewe, mgeni?" alisema. "Au Little Rock mnalishwa kwa kijiko?"

Watu wakacheka. Garland aliinua mkono polepole.

Ya kwanza aliirusha juu kabisa, ikapita karibu na feni ya dari na kushuka kama jiwe. Garland alirudisha kiti nyuma kidogo, akaidaka. Ya pili aliirusha chini, usawa wa goti. Akaidaka. Ya tatu alingoja mpaka Garland ashike mtungi wa chai ya barafu, akaivurumisha kifuani kwake. Garland aliipokea kwa mkono wa kushoto, na tone la chai halikumwagika.

Nyumba ililipuka kwa makofi. Verlene alijua sababu ya Garland kudaka zote, na sababu hiyo ilimuuma. Mkono wake ulijifunza kurusha kwa mtu huyo huyo. Jioni ngapi alisimama uani nyuma ya jiko, Garland kule kwenye uzio akidaka na kupiga kelele, "Tena! Bega umelitoa mapema! Tena!" Garland alilijua bega la Verlene kuliko Verlene mwenyewe.

"Hujambo, Verlene," Garland alisema kwa sauti ya chini.

"Kula skonzi yako."

"Mnafahamiana!" Corinne alipiga makofi kama mtoto. "Garland, mbona hukuniambia? Dada, nirushie na mimi! Taratibu lakini, mimi mikono yangu ni ya kupigia piano."

Alikuwa ameinua mikono yote miwili, viganja wazi, anacheka. Ilikuwa rahisi kabisa. Moja ya nguvu, msichana aangushe, apande, aulizwe: mchumba wako alishakutajia jina langu? Verlene alilisikia swali lile likimpanda kooni, tamu. Kisha akauona uso ule, hauna kosa lolote, na akarusha polepole kama anayempa mtoto mchanga. Corinne aliidaka kwa kuikumbatia, akapiga ukelele.

"Inachoma! Mama, umeona? Nimedaka!"

"Nimeona," alisema Bi Imogene. Hakuwa amevua glavu. Mbele yake kuku alikuwa hajaguswa. "Nimeona pia kwamba nyumba hii bado inatupia watu chakula kama banda la mbwa."

"Mama, tafadhali," Garland alisema.

"Nimesema nini kibaya? Msichana ana mkono mzuri. Kila mtu na alichojaliwa." Alimgeukia Verlene na kumpa tabasamu lile lile la miaka tisa iliyopita, lile alilompa sebuleni kwake siku alipomwambia kwamba familia ya Stallcup haioi kutoka jikoni. "Wako waliozaliwa kuketi, mwanangu, na wako waliozaliwa kurusha. Hakuna aibu. Aibu ni kutoijua nafasi yako."

Verlene aliona giza.

Sheria moja ya nyumba ilikuwa kuu kuliko zote: usimrushie mtu ambaye hakuinua mkono. Hata Bi Opaline hakuwahi kuivunja. Verlene aliivunja pale pale. Alichukua skonzi ya katikati ya sinia, ile inayoshika moto zaidi, akaivurumisha kwa nguvu zake zote kwenye uso wa Bi Imogene Stallcup.

Mtu alipiga kelele. Bi Imogene wala hakugeuza shingo. Mkono wake wa kushoto ulipanda wenyewe, ukaipokea skonzi kwa ncha za vidole, ukaipitisha kulia, kushoto, kulia, haikukaa popote hata nukta moja. Kidole gumba kikaipasua katikati, na nusu mbili zikakaa wazi sahanini, zinafuka moshi, zinangoja siagi.

Wanakwaya waliinuka vitini waone.

Kudaka kila mtu hudaka. Lakini kule kuipitisha mikononi na kuipasua kwa gumba kwa mpigo mmoja hakufundishwi kanisani wala shule ya mabinti. Kunafundishwa na sinia. Inachukua miezi, na malengelenge.

Bi Imogene aliitazama mikono yake kana kwamba imemsaliti.

"Immie," ilisikika sauti kutoka mlango wa jikoni. Bi Opaline alikuwa ameshika fremu. "Ee Mungu wangu. Wewe ni Immie."

"Sijui unasema nini."

"Nyumba ilipokuwa ng'ambo ya mto, kabla ya mafuriko. Nilikuwa na miaka saba. Kulikuwa na msichana yatima aliyelala chumba cha unga, mama yangu akimpenda kama wake. Akaondoka na sanduku la karatasi, tukaambiwa amekwenda Memphis." Bi Opaline alisogea hatua moja. "Nawe umekaa kanisani benchi la mbele yangu miaka thelathini na tano, hukunisalimu hata kwa nyusi!"

"Kumbe!" Mzee Hoyt alisema. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

"Nyamaza, Hoyt," Bi Opaline alisema.

Verlene alicheka. Hakuweza kujizuia, na kicheko kile hakikuwa kizuri. Kisasi alichokuja nacho kilikuwa cha mtu mmoja, na sasa Mungu amemwongezea wa pili bila kuombwa. "Waliozaliwa kurusha," alisema. "Rudia, Bi Imogene, wa kule nyuma hawakusikia."

Lakini Garland hakuwa anamtazama mama yake tena. Alikuwa amesimama, anatazama ukuta wa vikombe.

Ukuta ule uko kando ya dirisha la kupitishia sahani. Kila mwenyeji wa nyumba ana kikombe chake cha kahawa, jina limeandikwa, kinaning'inia msumarini. Asubuhi unaingia, unakichukua mwenyewe. Ukikuta kikombe chako kimegeuzwa jina likitazama ukuta, ujue nyumba imekukataa. Hakuna anayekuambia kwa nini, na wewe huulizi. Unaondoka. Na waliobaki hawaulizani nani amekigeuza, kwa sababu hiyo pia ni sheria. Katika safu ya pili kikombe kimoja kilikuwa kimeupa mgongo ukumbi kwa miaka tisa.

"Mama," Garland alisema, "unajua maana ya kikombe kilichogeuzwa?"

Bi Imogene alisogeza sahani yake mbali.

"Nakuuliza, Mama!"

"Garland, unamtisha Corinne."

"Ile Ijumaa nilikuja." Alimgeukia Verlene, na maneno yakaanza kumtoka kwa fujo. "Nilikuja jua linachomoza, Verlene. Nilikuwa nimegombana naye usiku kucha, nimemwambia nakuoa atake asitake. Nikaja kukuambia. Nikakuta kikombe changu kimegeuzwa. Nikajua umesikia maneno aliyoyasema juu yako, umechoka, hunitaki tena. Nikaondoka."

"Mimi sikukigusa," Verlene alisema. Sauti yake ilimtoka nyembamba. "Nilikikuta hivyo Jumamosi. Nilijua ni shangazi, kwa hasira."

"Mimi?" Bi Opaline alishika kifua. "Mimi nilijua ni wewe!"

Walitazamana wanawake wale wawili waliolala chumba kimoja miaka tisa, wakakanda unga meza moja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa sababu sheria inakataza. Kisha wote wakamgeukia Bi Imogene.

"Ijumaa ile alikuja kuchukua pai za kanisa," Bi Opaline alisema polepole. "Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua. Nikamwacha ukumbini peke yake, nikaenda kuzifunga."

Bi Imogene alivua glavu. Moja, kisha ya pili. Kwenye vifundo vya mikono yake kulikuwa na makovu madogo meupe, yamejipanga, kama aliyonayo Verlene na kama aliyonayo kila mwanamke aliyewahi kuingiza mkono kwenye tanuri la nyumba hiyo.

"Niligeuza," alisema. "Na leo ningegeuza tena. Mnadhani sijui kuipenda nyumba hii? Nililala na panya kwenye chumba cha unga. Vijana walinirushia skonzi mgongoni kwa kicheko, nikaokota. Nywele zangu zilinuka mafuta mpaka niliona haya kuketi na watu. Nilitoka humu kwa kucha zangu, na sikumzaa mwanangu wa pekee ili harufu hiyo inirudie mezani kwangu kila Krismasi. Basi. Mmesikia."

"Ungesema hivyo siku ile," Verlene alimwambia, "ningekupa mkono. Ningekuheshimu kuliko mtu yeyote mji huu. Ukachagua kunitemea."

Mama yule aliinamisha uso.

Kikulacho ki nguoni mwako. Garland alikuwa analia wazi wazi, mtu mzima, mbele ya kwaya. Alitoka nyuma ya meza, akaja hadi aliposimama Verlene, karibu kiasi kwamba Verlene aliisikia harufu ile ile ya sabuni ya misonobari.

"Tuliibiwa," alisema. "Verlene, tuliibiwa miaka tisa. Sijawahi kukutoa moyoni. Nitazame. Sijawahi."

Akamtazama. Loo, alimtazama! Macho yale ya kahawia aliyokuwa akiyaota na kuyalaani yalikuwa mbele yake, yamejaa, yanamwomba. Mikono yake ilitaka kumshika. Miaka tisa ya hasira ilianza kuyeyuka kama siagi kwenye skonzi, na chini yake kulikuwa na mapenzi yale yale, mazima, hayajachacha. Adui hakuwa Garland kumbe. Angeweza kunyoosha mkono tu, na yote yangekwisha vizuri. Nyuma ya bega lake aliona gauni la limau. Corinne ameshika ukingo wa meza, anatazama mchumba wake kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

"Nilisimama pale pale," Garland aliendelea, ananyoosha kidole ukutani, "nikakishika kile kikombe, nikahisi dunia imenimaliza."

Verlene alifuata kidole chake. Kikombe. Na kando yake, hatua moja tu, dirisha la kupitishia sahani, lile ambalo yeye mwenyewe nusu saa iliyopita alisimama nyuma yake na kuona ukumbi mzima. Dirisha halina pazia. Halijawahi kuwa na pazia.

Kitu kikapoa ndani yake.

"Rudi ulipokuwa," alisema.

"Verlene..."

"Rudi. Inua mkono."

Garland alielewa, au alidhani ameelewa. Uso ulimng'aa. Alirudi kando ya kiti chake, akainua mkono juu. Verlene alichagua skonzi, akamrushia polepole, usawa wa kifua, ambayo hata Corinne angeidaka akiwa amefumba macho. Garland, ambaye hakuwahi kuangusha hata moja maishani mwake, alishusha mikono akaiacha ianguke sakafuni.

Ukumbi ulipiga kelele za furaha. Wanakwaya walishikana mikono. Garland alikwenda mwenyewe kwenye kigoda chekundu, akapanda, akafuta macho kwa mkono wa shati, na akasimama akitabasamu kama mtu anayengoja kuulizwa kama anampenda. Jibu alikuwa nalo tayari mdomoni. Kila mtu aliliona.

"Swali moja," Mzee Hoyt alikumbusha. "Na ukweli mtupu, kijana."

Verlene alisogea mbele yake. Swali alilolilea kwa miaka tisa halikuwa na kazi tena. Kwa nini uliniacha, lilikuwa limekwisha kujibiwa na mama yake.

"Ile Ijumaa," alisema, "umesimama pale, umeshika kikombe chako. Mimi uliniona?"

Tabasamu lilibaki usoni kwa Garland, lakini macho yaliondoka. Yalikwenda kwa mama yake. Yalikwenda kwa mama yake kwanza, kabla ya kwenda kwingine kokote, na Verlene aliliona hilo, na Corinne pia.

"Jibu," alisema mtu nyuma.

"Nilikuona."

"Sema kwa sauti."

"Nilikuona dirishani. Ulikuwa umenipa mgongo. Ulikuwa unakanda unga." Kigoda kile kina nguvu zake, na Garland alikuwa mtoto wa Pickett Bend. Maneno yaliendelea kumtoka ingawa hakuna aliyemuuliza zaidi. "Ulikuwa unaimba."

Mzee Hoyt aliweka uma wake chini.

Mwanamke aliyemfukuza mchumba wake usiku haimbi asubuhi akikanda unga wa harusi yake. Kila mtu humo ndani alilijua hilo. Garland alilijua hata siku ile.

"Ningekuita tu," alisema kwa sauti iliyopasuka. "Nilijua hukukigeuza wewe. Nilijua, Verlene. Lakini nilikuwa nimepigana na Mama usiku kucha, na kesho ningepigana tena, na keshokutwa, maisha yangu yote. Nikakiona kile kikombe, na..." Alifunika uso. "Nilishusha pumzi. Mungu anisamehe. Nilishusha pumzi, nikatoka."

Verlene alikuwa amefikiri kwamba siku atakapoupata ukweli angepiga yowe. Hakupiga. Maumivu yalikuja, ndiyo, makali kuliko ya Jumamosi ile, lakini yalikuja na kupita kama mtu anayekatiza njia tu. Alimtazama mwanaume yule juu ya kigoda na akaona jinsi alivyo mdogo. Mama alikuwa mkatili, lakini angalau mama alipigania alichokitaka.

"Asante," alimwambia. "Umesema kweli."

Alirudi kwenye sinia. Zilikuwa zimebaki skonzi mbili. Akachukua moja, ikiwa bado na joto, na ukumbi mzima ukaifuata kwa macho, maana ilikuwa zamu ya skonzi ya mkononi, na mtu hashuki kigodani mpaka aipokee. Garland alinyoosha kiganja.

Verlene alimpita.

Alikwenda hadi meza ya katikati, akavuta kiti cha Garland, akaketi. Katika miaka yote aliyoishi ndani ya nyumba ile hakuwahi kuketi ukumbini wateja wakiwepo. Aliweka skonzi kwenye sahani ya Garland, akaipasua kwa gumba. Corinne, bila kusema neno, machozi yakimchirizika, alimsogezea kitambaa cha mezani, kisha akakipa kigoda mgongo.

"Verlene," Garland aliita kutoka kule juu. "Verlene, tafadhali. Watu wanatazama."

Hakugeuka. Alijimiminia asali ya mtama, akaiacha izame taratibu. Njaa ilikuwa imemshika, njaa ya kweli, ya mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri.

"Bi Imogene," alisema, "nipitishie siagi."

Bi Imogene Stallcup alimtazama mwanawe aliyesimama juu ya kigoda akiwa amenyoosha mkono mtupu. Akaitazama mikono yake mwenyewe, haina glavu. Kisha akalichukua bakuli la siagi, akampitishia.